Mgeni wa Mkuu wa Kituo

Harufu ya petroli hunirudisha kwenye kituo kidogo cha polisi, njia ya kwenda mji wa Koboko, karibu na mpaka wa Kongo, siku mama na mimi tulipompelekea mjomba chakula. Alikamatwa akibeba kwa baiskeli mitungi ya petroli ya magendo kutoka Kongo. Mitungi ilikuwa ya tajiri mmoja wa mjini.

Mjomba alikuwa nyuma ya vyuma, miguu mitupu. Tajiri naye aliletwa asubuhi ile ile, lakini yeye aliketi ofisini kwa mkuu wa kituo, akinywa soda. Nilimkodolea macho. Sikujua kuna mfungwa anayepewa soda.

Nikamuuliza askari, "Afande, huyu pia iko mfungwa?"

"Hapana. Huyu iko mgeni ya mkubwa."

"Na mjomba?"

Mama alinifinya bega. Mjomba akajibu mwenyewe, akicheka, "Mimi iko mwenyeji."

Tajiri alirudi kwake mchana ule. Mjomba alifungwa miaka miwili. Alipotoka nilikuwa nimeshajua kusoma, akanipa karatasi ya mahakama nimsomee. Niliisoma mbele na nyuma, kidole kikifuata kila mstari, nikilitafuta jina la tajiri.