Laini ya Baba Ilipoanza Kuita

Sogea kidogo unisikilize bila haraka, kwa maana maneno ninayotaka kukueleza ni yale unayoyatumia kila siku: simu, laini, namba, mnara, mtandao. Usione haya kama huyajui vizuri. Mimi nauza na kutengeneza simu Ruiru, na nimeketi na watu waliosoma kuliko mimi ambao hawakuwa na uhakika laini ni kitu gani. Mwenyewe nilidhani nimeyamaliza yote, mpaka Jumapili moja nilipoenda kumwona mama kule Makongeni, Thika.

Baba alikuwa amefariki mwaka mmoja na zaidi. Alikuja Thika akiwa kijana kutoka magharibi, akafanya kazi kiwandani mpaka akastaafu, kisha tukamrudisha kwao kumzika. Mama hakutaka kubaki kule. Alirudi kwenye nyumba ileile, akaifunga simu ya baba kwa kitambaa na kuiweka kwenye kabati la vyombo. Mimi ndiye niliyemwambia aizime. Nilihofia betri ingevimba.

Kila siku saa kumi na nusu, saa ambayo zamu ya baba ilikuwa ikitoka, mama aliipiga ile namba. Alijua haitaita. Alichotaka ni sauti ya yule mwanamke aliyerekodiwa, anayesema mteja hapatikani kwa sasa. Sisi mtu akizima simu tunasema amekuwa mteja, tunacheka, basi. Mama hakuwa akicheka. Aliniambia mara moja, huku akichambua mboga, kwamba yule mwanamke hajawahi kusema baba amekufa. Anasema hapatikani, tena kwa sasa.

Na kweli, mtandao haujui mambo ya kufa. Simu ikiwa imewashwa, huuarifu mnara ulio karibu kwamba ipo. Haitumii waya, hutumia mawimbi, ambayo huyaoni wala huyasikii, na hata sasa yanapita katikati yetu. Ukisafiri kutoka Thika kuja Ruiru ukiwa unaongea, mnara mmoja hukukabidhi kwa mwingine njia nzima, nawe hushtuki. Mtandao ni hiyo minara yote pamoja na mitambo inayoiunganisha na kukumbuka nani alionekana wapi mara ya mwisho. Ukizima simu, unakutafuta, haukupati, unasema hivyo tu.

Jumapili hiyo nilifika kama saa tisa. Mlango ulikuwa wazi. Mezani palikuwa na sahani ya ugali wa wimbi na samaki, imefunikwa kwa sahani nyingine. Kando ya kiti cha baba kulikuwa na begi la mama, zipu imefungwa.

"Unasafiri?" nikamuuliza.

"Keti kwanza, mama," akaniambia. Huniita mama tangu nikiwa mtoto. "Babako amekuwa akishika simu."

Nilisimama nikiwa bado na mkoba mkononi. Akanieleza kwa utulivu, kama mtu anayeeleza habari za jirani. Siku tisa zilizopita alipiga kama kawaida, na badala ya yule mwanamke, simu ikaita. Ikaita mara tatu. Mwanamume akaishika, nyuma yake kukiwa na upepo na kelele ya injini, akasema, "Niko njiani, nakaribia kufika." Kisha ikakatika. Tangu siku hiyo mama alipika kwa watu wawili na hakufunga mlango mchana.

"Wewe ulimwambia nini?"

"Sijasema kitu. Unajua kwetu vile tunasema. Aliyekufa akikuita, huitiki. Ukiitika unamfuata. Lakini mimi ndiye ninayepiga. Kwa hivyo nimeketi nikafikiria, labda si yeye anayeita, ni mimi. Leo nitamjibu."

Niliangalia begi. Halafu nikaangalia rafu ambako huweka dawa zake za presha. Pakiti ya tembe ilikuwa imejaa, haijaguswa.

"Mama, umeacha dawa?"

"Za nini, na ninaenda?"

Ilikuwa imesalia saa moja na dakika chache kabla ya saa kumi na nusu. Ninaeleza mambo kwa kazi, lakini sijawahi kueleza kitu huku nikiitazama saa hivyo. Nikaketi kwenye kiti cha baba, jambo ambalo mama hakulipenda, nikamwomba ile simu ya kabatini.

Nikamwonyesha. Hii, nikasema, ndiyo simu: mwili mtupu, kama redio. Nikafungua nyuma, nikatoa kile kikadi kidogo. Hii ndiyo laini. Ndani yake kuna alama ya siri inayouarifu mtandao kwamba huyu ni mteja wake. Na namba, ile uliyoishika kichwani miaka hii yote, haimo humu. Namba imeandikwa kule kwenye mitambo ya kampuni, kando ya alama ya kadi hii. Kampuni inaweza kuifuta hapa na kuiandika kando ya kadi nyingine. Laini ikikaa miezi mingi bila kupiga, bila kutuma chochote, wanaihesabu kuwa imeachwa. Namba inarudi sokoni, anauziwa mtu mwingine.

"Bila kuuliza?"

"Bila kuuliza."

Mama alikigeuza kile kikadi kiganjani. Nilitegemea abishe. Badala yake akasema, polepole, "Kama namba ya kazi."

Nilikuwa nimeisahau. Kule kiwandani kila mfanyakazi alikuwa na namba yake, imepigwa muhuri kwenye kibati, na ndiyo aliyoitwa nayo langoni. Baba alirithi ya mtu aliyekufa na alistaafu akaiacha.

"Alipewa kijana mwingine kabla mwezi haujaisha," mama akasema. "Babako alipita pale langoni akasikia namba yake ikiitwa. Aligeuka. Aliniambia aligeuka kabisa, akataka kujibu. Hakula siku hiyo."

"Mama, mimi ndiye niliyekwambia uizime. Kama ingekaa imewashwa, upige nayo hata mara moja kwa mwezi, namba ingekuwa yetu bado. Nilijua hayo. Kila siku nawaambia watu dukani. Wewe sikukuambia."

Alinirudishia kile kikadi.

"Na wewe ndiye fundi," akasema.

Nikarudisha kikadi, nikaichaji simu ya baba, nikaiwasha. Iliwaka na ile picha yetu ya zamani kando ya mto Chania, sote watatu tumekunja nyuso kwa sababu ya jua. Juu kwenye pembe ikaandika hakuna huduma. Nikaiweka juu ya kiganja cha mama. Saa kumi na nusu ilipofika nikamwambia apige kwa simu yake, nikaweka sauti ya juu ili sote tusikie.

Ikaita. Nakuomba uione picha hiyo akilini: namba ya baba inaita chumbani, waziwazi, na simu ya baba imelala kiganjani mwa mama, imewaka, kimya. Haikutikisika. Nilijua kwa nini, na bado nywele zilinisimama.

"Haloo?" Ni sauti ya kijana, si ya baba hata kidogo. "Ni wewe tena? Sikiza, kama wewe ni roho, mimi sijakukosea. Kanisa letu limeombea hii laini mara mbili."

Mama akaiinamia simu. Nikamshika goti. Akaitika.

"Mimi si roho. Mimi ni mke wa mwenye hiyo namba."

Upande wa pili pikipiki ilizimwa, kijana akaanza kumwita shosho, kama mtu amwitavyo nyanya yake.

"Ngai, Mungu wangu! Shosho, ni wewe huwa unapumua tu? Wiki nzima! Mke wangu anasema ni mpango wa kando."

"Na nikiwa mpango wa kando, utaniletea nini?"

Kijana alicheka mpaka akakohoa. Akasema anapeleka maji ya mitungi kwenye hosteli za wanafunzi Kahawa Wendani, na hao wanafunzi hawana subira.

"Uliniambia uko njiani," mama akamwambia.

"Shosho, hiyo huwa nasema hata nikiwa nimelala." Kisha sauti yake ikashuka. "Lakini kuna watu wengi wanamtafuta mwenye namba. Wazee. Mmoja anapiga kutoka huko magharibi, ananisalimia na lugha sielewi, nakata. Mzee yuko wapi niwaambie? Ama nitupe hii laini?"

Mama alitazama sahani iliyofunikwa.

"Usitupe. Ukipigiwa, usikate. Waambie alikufa." Hakuwa amelitamka neno hilo mbele yangu tangu mazishi. "Waambie tulimzika vizuri, na mke wake yuko Makongeni."

"Sawa, shosho. Pole sana."

Mama ndiye aliyekata. Akafunua ile sahani, akaigawa mara mbili, akanisukumia sehemu yangu. Baada ya kula alimeza tembe yake akiwa amenipa mgongo.

Ningependa kukuambia kwamba kuelewa kulitosha. Kwa mama kulitosha kiasi. Mimi, wiki mbili baadaye, nikiwa dukani Ruiru na simu ya mteja imefunguliwa mbele yangu, nilijikuta nimeipiga namba ile saa kumi na nusu. Yule kijana akashika. Nilishindwa kusema. Alingoja, kisha akasema, "Habari ya jioni. Mimi ni mtu wa maji, Wendani. Mwenye namba alikufa, walimzika vizuri. Sikati. Kata wewe ukiwa tayari."

Nilikaa naye hivyo, bila neno, sijui kwa muda gani.

Basi ukinunua laini mpya, nawe upigiwe na mtu asiyesema kitu, usikate na usimtukane. Msalimie, mwambie wewe ni nani na uko wapi, kisha ungoje akate yeye kwanza.