Mpishi Asiyeonja Sufuria ya Tatu

Saa mbili na nusu asubuhi, Mama Kipimo anafunua sufuria ya maharagwe, anadondoshea mchuzi kidogo kiganjani na kuuramba. "Chumvi bado," anasema, kisha anageukia wali. Akifika kwenye sufuria ya tatu, ya mboga za karanga, anasimama hatua nne mbali, mikono nyuma kama mgeni rasmi.

"Hiyo naisalimia tu," anasema.

Ni mwaka wake wa kumi na saba katika kantini hii ya kiwanda cha viatu, inayolisha watu mia mbili na themanini kila mchana. Jina la Kipimo walimbandika mafundi wa viatu, kwa kuwa chumvi yake haijawahi kuzidi.

Mpishi mkuu anastaafu mwezi ujao na Mama Kipimo anaitaka nafasi hiyo kwa moyo wote. Kikwazo ni kanuni iliyobandikwa mlangoni: mpishi mkuu ataonja kila sufuria kabla chakula hakijatoka.

Naye karanga mwili wake unazikataa. Madaktari wanauita mzio; jikoni wanasema aleji.

Ulianza miaka miwili iliyopita, kwa midomo kuwasha. Akasingizia pilipili. Vikaja vipele shingoni, akasingizia sabuni. Tumbo likasokota, akasingizia maji.

"Hata mume wangu nilimgombeza bure, eti kaninunulia sabuni mbovu," anacheka. "Maskini, mpaka leo sijamwomba radhi."

Daktari alimtaka aandike siku anazougua. Zikawa Jumanne na Ijumaa, siku za karanga. Baada ya vipimo akaambiwa asile karanga kabisa.

Akatii, kwa namna yake. Nyumbani akazipiga marufuku, na sahani yake ya mchana hakuitia hata chembe. Ila kila Jumanne na Ijumaa, mchuzi wa karanga uliendelea kudondoka kiganjani.

"Mwambie mpishi asile, atakuelewa," anasema. "Lakini kuonja? Kuonja ni kazi. Kula ni kukaa chini na sahani."

Ijumaa moja, dakika chache baada ya kuramba, macho yalivimba, koo likabana na kifua kikaanza kupiga miluzi. Wifi yake, ambaye wanapika pamoja, alimpakia kwenye gari la kusambaza viatu na kumkimbiza hospitali.

"Midomo ilikuwa imegeuka rangi," anasema wifi, na hapo anaacha kukata vitunguu. "Nilijua nampelekea kaka yangu maiti."

Alichomwa sindano, pumzi ikarudi taratibu. Sauti ilikuwa bado imekauka, hivyo daktari alipouliza amekula nini, aliomba kalamu. Akaandika: "Sijala. Nimeonja tu."

"Mama," daktari akamwambia, "kuonja nako ni kula."

Siku hizi sufuria ya karanga ina jiko lake mwisho wa ukumbi, mwiko wake na upawa wake, na mpishi wake ni wifi. Mfukoni mwa aproni ya Mama Kipimo kuna sindano ya dharura, na jikoni wote wamefundishwa kuitumia.

"Midomo ikiwasha, naacha kula na kumwita mtu. Koo likibana au pumzi ikipungua, sindano, halafu hospitali hapo hapo. Sisubiri nione itakuwaje."

Akialikwa mahali huuliza chakula kimeungwa na nini, na mwiko uligusa sufuria gani. Mashemeji wanamwita mpelelezi. Hajali.

Mpishi mkuu anayestaafu anamkubali, lakini anakuna kichwa. "Mkono wake hauna mpinzani. Ila kanuni ni kanuni, sijui meneja atasemaje."

Jumatatu Mama Kipimo ataingia ofisini kwa meneja kuomba kazi, na kuomba wifi amwonjee sufuria hiyo moja ya karanga. Akikataliwa, atabaki alipo. Kudanganya kwamba anaonja, anasema, hawezi.

"Kuonja kuna wifi wa kunisaidia," anasema akifunga aproni upya. "Kupumua je, atanipumulia nani?"