Masaa Manane na Nusu

Juzi mjukuu wangu aliiuliza simu yake umbali wa kutoka Nairobi hadi London, nayo ikamjibu kabla sijameza chai: kilomita elfu sita na mia nane na ushee, masaa manane na nusu hivi angani. Akaendelea na mchezo wake. Mimi nilikiweka kikombe chini, rafiki yangu, maana jibu hilo nililijua tangu nikiwa na miaka tisa, kule mtaa wa Jericho, Nairobi, miaka ya sabini.

Mama alikuwa yaya wa familia ya Wazungu. Waliporudi kwao walimwomba aende nao kwa miaka miwili, akakubali ili nisome. Nikabaki na nyanya katika chumba chetu chenye harufu ya mafuta ya taa na dagaa wa omena wa kukaanga. Jirani yetu alikuwa mpakiaji mizigo uwanja wa ndege wa Embakasi, na nyanya hakumwacha hata amalize salamu.

"Mwanangu, hiyo London ni mbali kiasi gani?"

"Masaa manane na nusu tu, nyanya, ndege isiposimama njiani."

"Haiya! Na basi la kwenda kwetu huchukua siku nzima! Kumbe binti yangu yuko karibu kuliko shamba langu."

Tukaamini hivyo. Nikisugua sufuria kwa majivu pale kwenye bomba la mfereji, nilijiambia kwamba mama akitaka atapanda ndege asubuhi, jioni ale nasi ugali. Miaka miwili ikawa minne. Zilikuja barua, na picha moja ya mama kwenye theluji, amevaa koti lililomzidi.

Nilipofika miaka kumi na mitatu nyanya alishikwa na homa ya mapafu. Mjomba, kaka wa mama aliyekuja kukaa nasi, akampelekea mama telegramu London: Mama mgonjwa, njoo upesi. Kila ndege ilipopita nyanya aliuliza, "Ni yeye?"

"Labda, nyanya."

Siku ya nne hakuuliza tena. Tulimsafirisha kwao magharibi, tukamzika kando ya migomba yake.

Tulikuwa tumesharudi Jericho mama alipotokea mlangoni, adhuhuri, na sanduku lake. Telegramu ilikuwa imelala London siku zote hizo, yeye na matajiri wake wakiwa likizo pwani ya huko. Alipoiona tu, akapanda ndege. Mkononi alishika sweta jipya la sufu la nyanya.

"Mama amelala?" akaninong'oneza.

Mjomba alikuwa kazini. Hapakuwa na mwingine wa kumwambia.

"Tulimzika Jumamosi, mama."

Hakulia. Aliketi kitandani kwa nyanya, akalikunja lile sweta, akalikunjua, akalikunja tena. Kisha akasema, "Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia."

Hakurudi London. Alinilea mpaka nikaolewa, na habari ya siku ile hatukuigusa.

Nilipita Jericho mwaka huu. Chumba chetu kina wapangaji wengine, bomba la mfereji wa pamoja limeng'olewa, na hakuna aliyemkumbuka yule jirani. Mama naye tumeshamzika. Mara moja tu, akiwa mzee, nilijipa moyo nikamuuliza maneno yale aliyompangia nyanya njiani yalikuwa yapi.

"Yalikuwa yake," akasema, akaniomba nimsogezee blanketi.