Jiko Lililokuwa Ndani ya Kamba

Juzi nilipita mtaani Mutakura, mvua imetoka kunyesha, nikazunguka nyuma ya nyumba ya marehemu bibi nilitazame korongo. Ningependa ulijue lilivyokuwa zamani.

Upande wetu wa korongo ulikuwa komine moja ya mji, yenye utawala wake, ng'ambo komine nyingine. Nyumba ya bibi ilikuwa ya mwisho, na jiko lake lilikuwa hatua sita tu kutoka ukingoni. Nilizipima mwenyewe kwa miguu ya mtoto. Kila mvua kubwa zilipungua: tano, nne, mbili na nusu. Bibi aliendelea kupika maharage yake kwa mawese, lakini mawingu yakiwa meusi alihamishia vyungu chumbani.

Jumamosi asubuhi ilikuwa siku ya kazi ya watu wote. Sisi tulijaza mchanga kwenye magunia, tukayapanga upande wetu. Maji yakayagonga, yakageuka, yakaula ukingo wa ng'ambo. Jumamosi ya pili wao wakapanga mawe, maji yakarudi kwetu. Tulikwenda hivyo misimu miwili, kila komine ikijitahidi kwa nguvu zote kuibomoa jirani yake.

"Ee, wa ng'ambo! Muchukue maji yenu!" jirani yetu muuza samaki wadogo wa ndagala alipaza sauti.

"Si yetu, mama! Imetoka mulimani. Panda ukaugombeze mulima!"

Mwishowe komine zile mbili zikakubaliana: Jumamosi moja, kazi moja, kingo zote mbili. Fundi akavuta kamba kuonyesha pa kuchimba. Ng'ambo, migomba ya mzee mmoja ikawa ndani ya kamba. Kwetu, jiko la bibi.

Shefu wa mtaa aliona haya kumwambia. Mzee wa migomba ndiye aliyevuka, kofia mkononi.

"Dada, mi natoa migomba. We utatoa jiko?"

"Migomba itaota tena. Jiko langu nalo litaota?"

Watu wakacheka, lakini bibi hakucheka. Mzee akasema, "Basi sisi wa ng'ambo tutakujengea lingine, mbele ya nyumba."

"Mulijenge kwanza," bibi akasema. "Ndipo mutavunja lile."

Wakalijenga. Jumamosi iliyofuata tukapokezana mawe kwa mikono, mstari mmoja, sisi na wao. Jiko la zamani lilianguka kwa mapigo mawili. Mwaka ule mvua ilikuja kubwa, na nyumba ya bibi haikupoteza hata udongo wa kiganja.

Bibi alilisifu jiko jipya kwa kila mtu. Hata hivyo, akishapika, alichukua sahani yake akaenda kula nyuma, juu ya yale mawe, pale palipokuwa meko yake. Mzee naye, akimwona, alitoa kigoda chake akaketi upande wa pili. Walizungumza polepole, maana maji hayakuwa tena na kelele ya kuwazuia kusikizana.

Juzi nilikuta kingo zote mbili zimesimama imara. Hakuna aliyeketi.