Aliyezima Stima kwa Mama

Mkinicheka nitacheka nanyi, kwa sababu mpaka leo nikipita karibu na kanisa la Mama hapa Buruburu natembea nikiangalia viatu vyangu, maana akina mama wa maombi wakiniona tu wananiuliza kama leo stima itakuwepo.

Mambo yalianza kwa nia njema (kila mjinga huanza hivyo). Baba, Mungu amlaze mahali pema, alikuwa dereva wa serikali na aliogopa radi kuliko ajali. Ngurumo ya kwanza tu, hata iwe ya mbali huko Njiru, anainuka alipoketi, anaenda kwenye korido, anazima swichi kuu, tak, kisha wote tunakaa gizani mpaka mvua ipite. Alipofariki hakuna aliyekumbuka kuzima, televisheni ikaungua, na Mama akasema ni sawa, Mungu atatoa nyingine. Basi nikanunua ile swichi kuu ya kisasa inayozimwa kwa simu, yenye laini yake ya simu ndani, fundi akaifunga kwenye kisanduku cha mita Mama akiwa sokoni, nami nikaamua nisimwambie, nikiogopa atasema namchunga kama mtoto. Hapo ndipo nilipokosea.

Mimi naendesha forklifti kwenye ghala moja Industrial Area. Mawingu yakikusanyika nazima kwa Mama, mvua ikikata nawasha, halafu naendelea na kazi nikijiona mwana wa maana sana. Kisha dada yangu Mwende akanipigia simu.

"Musyoka, Mama anasema Baba amerudi."

"Amerudi wapi?"

"Kwa nyumba. Anasema radi ikianza anasikia tak kwa korido na stima inapotea, na majirani wote wako na stima. Jana nilikuwa huko. Hiyo tak nimeisikia na masikio yangu, na kwa korido hakukuwa na mtu."

Mwili ulinisisimka, na mimi ndiye niliyekuwa najua. Nilifungua mdomo niseme, lakini Mwende akaendelea kwamba siku hizi Mama anasimama mbele ya mita akinong'ona, kwamba lazima apelekwe Machakos kwa mjomba na nyumba ipangishwe kabla akili yake haijaharibika, na kwamba ameshamwita Pasta aje aiombee. Mama na nyumba ile huwatenganishi, amezeeka ndani yake. Lakini nikaona aibu, nikasema labda ni waya. (Waya. Mtu mzima na ndevu zake.)

Jumamosi mchana tukawa sebuleni, akina mama wa maombi wamejaa hadi jikoni, na mawingu yalikuwa meusi hivi kwamba tuliwasha taa. Mama aliketi kando, amejifunga kitambaa kipya na kujipaka mafuta, kama mtu anayengoja mgeni. Pasta akasimama kwenye korido, akaweka mkono juu ya kisanduku, akaanza kukemea, akina mama wakiimba. Mimi nilikuwa nimeapa moyoni kwamba leo sizimi kitu, hata radi ipige wapi, nikatoa simu polepole ili niifunge ile programu ya swichi kabisa, na hapo ngurumo ikalipuka juu ya paa, nikashtuka, kidole kikaenda kilikozoea kwenda.

Tak.

Wimbo ulikatika katikati ya neno. Friji ikatetemeka, ikanyamaza, na katika ule ukimya nikamsikia Pasta akirudi nyuma mpaka akagonga kabati. Dirishani taa za jirani zilikuwa zinawaka vizuri tu. Nawaambia ukweli, hata mimi niliyebonyeza nilihisi kuna mtu amesimama kwenye korido, mrefu kama Baba, amejaa pale mlangoni, na niliogopa kugeuza kichwa. Kisha Mama akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa ya kuzungumza na mtu wa nyumbani:

"Baba Mwende, keti. Hawa ni watu wa kanisa tu."

Mwanamke mmoja akaanza kulia. Na simu yangu, ambayo niliipanga inisomee ujumbe kwa sauti kwa kuwa kazini mikono huwa kwenye usukani, ikatangaza ndani ya lile giza, bila haraka: "Stima ya kwa Mama imezimwa na Musyoka."

Nyumba nzima, uso wangu peke yake ndio uliokuwa na mwanga.

"Ni wewe?" Mwende akauliza.

Pasta akauliza kama nachezea mambo ya Mungu. Nikawasha stima, nikaanza kueleza, radi, televisheni, laini, fundi, maneno yanatoka kichwa chini miguu juu, mpaka akina mama wakaanza kucheka, kile kicheko cha watu waliotoka kuogopa, wakishikana mabega. Mwende naye akapumua, akasema basi Mama hana shida yoyote, habari ya Machakos iishe. Nikadhani yamekwisha, nikacheka pia.

Mama hakucheka. Alikuwa bado anaangalia korido.

"Zote zilikuwa wewe?" aliniuliza. "Hata ile ya Alhamisi?"

"Zote, Mama."

"Nilikuwa nimeshamwambia mambo mengi," akasema, akainuka kwenda kuwatilia wageni chai.

Sijawahi kuona aibu kama ile, na sisemi ile ya mbele ya Pasta. Nimeapa sitagusa tena stima ya mtu bila yeye kujua, hata awe mamangu mzazi, na ile swichi fundi alikuja akaitoa. Siku hizi mawingu yakikusanyika nampigia simu kumkumbusha. "Nimeshazima," husema, halafu hukata, kwa sababu anajua ni mimi tu.