Koti la Nyapara na Teki ya Mzungu

Haya, nyinyi nyote, sogeeni hapa kwa moto, na yule anatafuna mahindi atafune polepole nisikike. Nataka niwaambie juu ya mzee mmoja aliyekuwa anaelewa mzungu kuliko mtu yeyote nimewahi kuona, na hakuwa amekaa darasani hata siku moja, kama mimi tu.

Tulikuwa tunakamua ng'ombe kwa shamba la mzungu huko juu Molo, wakati nchi bado iko mikononi mwao. Baridi ya siku hizo si hii mnalialia nayo. Ukitema mate, yanafika chini yakiwa changarawe. Mimi mwenyewe nimekamua ng'ombe ikatoa barafu, tukabeba maziwa kwa gunia.

Sasa huyo mzungu alikuwa anaongea na kiko mdomoni. Maneno yote yanabaki huko ndani kwa moshi, linatoka moja tu la Kiingereza: teki. Ng'ombe wapelekwe malishoni, teki. Unywe dawa ya kikohozi, teki. Uvue kofia, teki. Ng'ombe ikishika mimba ya fahali, anafurahi anasema imeteki. Hata kukaa chini upumzike ilikuwa teki. Sisi tulikuwa tunajaribu kila kitu: huyu anavua kofia, huyu anafukuza ng'ombe, mwingine anakunywa dawa na haumwi. Lakini yule mzee, akisikia teki, anafanya kile mzungu anataka, hapo hapo. Tukasema huyu lazima alinyonyeshwa na mama mzungu.

Basi nyapara wetu akaacha kazi, akarudi kwao. Na nyapara alikuwa anapewa koti la jeshi, zito, linafika kwa visigino. Mzee alikuwa na kifua kibaya. Akikohoa, mabati ya zizi yanacheza. Bibi yake alituambia wazi kwamba bila hiyo koti, mzee hatavuka baridi ya mwaka huo.

Lakini kulikuwa na karani kijana kutoka Nakuru, amesoma misheni, ana viatu, na yeye pia aliitaka. Alikuwa akikutana na mzee anamwuliza, "Mzee, hiyo Kiingereza yako uliokota wapi, kwa mavi ya ng'ombe?" Mzee anacheka tu, anakohoa.

Mzungu akasema atatoa amri zizini asubuhi, sote tukiona, na mwenye kuzifanya ndiye nyapara. Akaja na kiko chake, koti ameitundika kwa mkono, na ile mbwa yake nyekundu nyuma. Hiyo mbwa ilikuwa haimwachi hata akienda choo.

Teki ya kwanza, karani akauliza kwa Kiingereza safi, ateki nini, aipeleke wapi. Akimaliza kuuliza, ng'ombe wako nje na mzee anafunga mlango. Teki ya pili, kofia ya mzee iko mkononi. Ya tatu, amebeba mkebe wa maziwa. Ikaenda hivyo mpaka karani akaanza kutoa jasho kwa ile baridi.

Teki ya mwisho, mzee akasimama. Hakusonga. Tukanyamaza mpaka nikasikia nyasi inamea. Karani akaona nafasi yake, akashika ndoo mbili. Halafu mzee akaketi chini, pu, juu ya mkebe. Bibi yake akashika kichwa, akadhani kifua kimemaliza mtu. Kumbe mzungu anacheka mpaka kiko kinaanguka. Akamvisha koti kwa mikono yake mwenyewe.

Mchana, tukila, tukambana mzee atuambie alijifunza wapi.

"Mimi sijui teki ni nini," akasema. "Mimi naangalia mbwa. Mzungu akitaka ng'ombe waende, mbwa inasimama. Akitaka kitu, mbwa inakitupia jicho. Leo kwa teki ya mwisho mbwa ilikawia, halafu ikalala chini, nami nikakaa."

Hapo nilimvulia kofia bila kuambiwa teki. Miaka yote hiyo amesoma sikio la mbwa! Mimi nilijaribu wiki nzima baadaye, nikapata viroboto tu.

Karani alikuwa ametulia na sahani yake. Akaangalia mzee ndani ya koti, akaangalia mbwa kule mlangoni.

"Kumbe koti amepewa msaidizi," akasema. "Nyapara mwenyewe yuko pale anajikuna."