Aliyegonga Ndani ya Mashine

Harufu ya dizeli iliyochanganyika na tope ndiyo inayonirudisha kijijini Chara, mwaka ule wa tisini na nane, maji ya mto Tana yalipokubali hatimaye kurudi mtoni. Baba alikuwa na mashine ya kusaga unga, na kijiji kizima kilikuwa kikiingoja, maana mahindi ya msaada yaliletwa yakiwa punje, hayajasagwa, na barabara ya Garsen bado ilikuwa imekatika. Kwa haraka zake, Baba aliiwasha kabla haijakauka vizuri. Ilikohoa, ikashika, kisha ikaanza kugonga kwa ndani, ngo, ngo, ngo, kama mtu aliyesimama mlangoni.

Baba alinieleza. Ndani ya injini, pistoni hupanda na kushuka tu. Konrodi ni mkono wa chuma unaoishika pistoni huku juu na kranki, mhimili unaozunguka, kule chini, na kule kupanda na kushuka hugeuka kuwa kuzunguka. Maji yalikuwa yamebaki juu ya pistoni, na maji hayabanwi kama hewa, basi mkono ukapinda. Mimi nilielewa. Mama Jillo, jirani yetu ambaye mumewe alichukuliwa na mafuriko na hata kofia yake haikuonekana, hakutaka kuelewa. Kila asubuhi alikuja akaketi kando ya injini, na ikianza kugonga aliitikia, "Karibu, Baba Jillo. Karibu ndani." Wallahi, nywele zilinisimama!

Konrodi mpya ilipofika kutoka Malindi, Baba alifungua injini, akamwonyesha Mama Jillo ile ya zamani. "Dada yangu, tazama. Aliyekuwa akigonga ni chuma hiki."

Mama Jillo aliipokea kwa mikono miwili, akaifuta mafuta kwa leso yake taratibu, akaipakata.

"Amekonda," akasema.

Akaondoka nayo kuelekea shambani kwake ili akaizike. Hakuna aliyethubutu kucheka. Baba, mtu asiyekuwa na subira kabisa na mambo ya mizimu, alichukua jembe akamfuata. Mashine iliporudi kusaga ilinguruma vizuri, na Mama Jillo hakuja tena.

Siku hizi pampu za maji zinanguruma kutwa nzima kando ya mto, na hakuna anayezisikiliza ila fundi. Ninayo yangu. Juzi ilianza kugonga, na fundi akanipigia kelele, "Izime, mama, konrodi hiyo! Itapasua injini!" Najua ni konrodi. Najua kabisa. Nilinyoosha mkono niizime, na kabla sijaizima nikajisikia nikisema, karibu ndani.